CHOO CHA BOMBA SI SHIMO
Somo katika mlango wa tahara na haki ya jirani



Kuna mambo ambayo watu huyaonea haya kuyataja, na kwa haya hiyo hubaki bila kufundishwa, na kwa kutofundishwa huzaa madhara. Matumizi ya choo ni mojawapo ya mambo hayo. Wanazuoni wetu hawakuyaonea haya. Vitabu vya fiqihi tulivyosomeshwa chuoni tangu utoto huanza kwa mlango wa tahara, na humo mna adabu za kwenda haja, kabla mwanafunzi hajafikishwa katika mlango wa sala. Basi nasi hatuoni aibu kulifanya jambo hili kuwa somo la toleo hili.

Sababu ya kulichagua ni barua iliyosomwa katika darasa letu. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyekaa nasi darasani miaka kadhaa, sasa anaishi Kanja kwa biashara ya duka. Kanja ni mji mdogo wa soko katika upande wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika nchi ya kahawa na chai. Amepanga huko katika nyumba yenye milango 8, na watu wa milango yote hiyo hutumia vyoo 2 vya maji, ambavyo bomba lake ni moja na tangi lake la maji taka ni moja.

Wakati wa mvua za masika vyoo vile viliziba. Maji machafu yalipanda yakafika sakafuni, na harufu ikaingia vyumbani mwa watu. Ukazuka ugomvi. Baadhi ya majirani walisema kwamba mtu huyu wa pwani na ahali zake humwaga maji kupita kiasi. Yeye naye akajibu kwamba wao ndio wanaojifuta kwa magazeti na magunzi ya mahindi kisha wakayatupa ndani. Maneno yakawa makali hata watu wakaacha kusalimiana. Mwenye nyumba akamwita fundi bomba. Fundi akafunua chemba, akapitisha waya, akaanza kutoa kimoja kimoja mbele ya watu wote: karatasi za gazeti, gunzi moja, nepi ya mtoto, na mwisho kitu kilichokuwa kimejiviringa na kuvishika vyote hivyo pamoja. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu. Ndugu yetu akakitambua papo hapo, maana ni kitambaa cha nyumbani kwake cha kupigia sakafu deki. Mtoto alikitumbukiza chooni, na mama yake alipokiona kinazama akavuta maji, akadhani kimekwisha. Ndugu yetu aandika kwamba alitamani ardhi ipasuke azame.

Mwisho wa barua yake atuuliza: Je, hili ni jambo la dini, au ni la mafundi peke yao? Twajibu kwamba ni la wote wawili, na tutalieleza kwa mafungu ili lifahamike.

1. Tofauti ya shimo na bomba

Watu wa pwani wana choo ndani ya nyumba tangu karne nyingi. Atakayezuru magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ataona vyoo vya shimo vilivyojengwa kwa mawe ndani ya nyumba za watu, pamoja na mahali pa kuchambia. Katika nyumba kongwe za Lamu, choo kina birika lake la maji, na wazee walikuwa wakitia samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu. Hao walikuwa watu waliolifikiri jambo la usafi.

Lakini choo chao kilikuwa cha shimo, na shimo lina tabia yake. Shimo husamehe. Ukitupa jiwe, kijiti, kitambaa au gunzi, litapokea. Halikukasirikii illa siku litakapojaa, na pengine ni baada ya miaka mingi. Kwa ajili hiyo tukazoea kuamini kwamba kilichozama kimekwisha. Vivyo hivyo ndivyo walivyozoea ndugu zetu wa Embu na Meru, ambao vyoo vya shimo ndivyo vilivyoenea katika mashamba yao. Mtu hujisafisha kwa jani au gunzi kisha hulitupa shimoni, na hapana ubaya wowote kwa shimo.

Sasa miji yetu, mikubwa na midogo, imeingiwa na choo cha maji. Tumebadilisha choo, lakini mazoea tumebaki nayo yale yale ya shimo. Hapo ndipo ulipo mzizi wa matatizo yote. Bomba halisamehi. Lenyewe ni njia, na kila kilichoingia kingali safarini mpaka kifike mwisho. Kikikwama njiani, huwazuilia wote wajao nyuma yake.

2. Namna choo cha maji kinavyofanya kazi

Chini ya sinki la choo pana mpindo wa bomba, uliopinda mfano wa shingo ya bata. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa, alipata hati ya serikali ya Uingereza kwa choo chenye mpindo wa namna hii. Faida yake ni kwamba maji hubaki ndani ya mpindo daima, kadiri ya sentimita 5 za kimo, nayo huziba njia ya harufu na wadudu watokao upande wa pili. Choo kisichotumika muda mrefu hunuka kwa sababu maji haya yamekauka. Dawa yake ni kumwaga kopo la maji basi.

Mpindo huu unaotulinda ndio pia mahali pembamba pa kwanza ambapo kitu hukwama. Baada yake huja bomba, mara nyingi la inchi 4, ambalo mafundi hulilaza kwa mteremko wa kadiri ya sentimita 1 kwa kila sentimita 40 au 60 za urefu. Uchafu hausukumwi na mashine yoyote. Huchukuliwa na mkondo wa maji peke yake. Maji yakiwa machache, hutangulia na kuuacha uchafu nyuma, nao ukikauka huwa kama saruji.

Mwisho wa bomba huwa ni mfereji mkubwa wa mji, au tangi la maji taka. Hata katika Mombasa sehemu kubwa ya mji haina mfereji mkubwa, na nyumba hutegemea mashimo na matangi. Ndani ya tangi vizito hutua chini vikawa tope, mafuta huelea juu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huula uchafu huo polepole. Vijidudu hivyo haviwezi kula plastiki wala nguo. Tope likifika kadiri ya thuluthi ya tangi, yapasa kuita gari la kunyonya. Mwenye kungoja mpaka lifurike amekwisha kuchelewa, kwani tope huwa limekwisha kupita na kuziba njia ya kutokea maji.

3. Kipi kiingie na kipi kisiingie

Kanuni yake ni fupi, na mtoto wa miaka mitano aweza kuihifadhi. Viingiavyo chooni ni vitatu: kitokacho mwilini mwa mwanadamu kwa kwenda haja, maji, na karatasi laini ya chooni kwa anayeitumia. Zaidi ya hivyo, hapana.

Karatasi ya chooni imetengenezwa iachane inapolowa. Gazeti, karatasi ya daftari na karatasi za kupangusia mikono mezani hazikutengenezwa hivyo, bali nyingine zimetiwa nguvu makusudi ili zisichanike zikilowa. Mwenye shaka na atie kipande cha kila moja katika bilauri ya maji, akoroge, atazame.

Nepi za kutupa na taulo za hedhi zina ndani yake kitu kinachonywa maji na kuvimba. Zikiingia mpindoni huvimba mahali hapo hapo. Vitambaa vyenye majimaji vya kufutia watoto, ingawa baadhi ya pakiti zake huandikwa kwamba vyafaa kutupwa chooni, vingi vimefumwa kwa nyuzi za plastiki na haviachani. Tukumbuke pia pamba za masikio, nywele za kichanani, nyembe, vipande vya sabuni, vifuniko vya chupa, na maganda na vijiti vya miraa. Vyote hivi mahali pake ni ndoo yenye kifuniko, iwekwe ndani ya kila choo, nayo imwagwe kila siku.

Wanawake wengi huona haya kutia taulo ya hedhi katika ndoo inayoonekana na wengine. Haya hiyo ni njema, lakini tiba yake ni kuiviringa katika karatasi na kuweka ndoo yenye kifuniko. Mwenye nyumba au mwangalizi wa msikiti asiyeweka ndoo hana haki ya kulaumu kwamba choo kimezibwa, kwani amewalazimisha watu kuchagua baina ya aibu na madhara.

4. Masuala ya kuchamba

Sisi wa pwani tumezoea kuchamba kwa maji, na hiyo ni neema kwa mwili na kwa bomba pia. Twajua sifa waliyosifiwa watu wa Quba katika Sura ya Tawba kwa kupenda kwao kujitahirisha. Lakini sheria imeruhusu pia kutumia mawe, na maulamaa wa Kishafii wamesema kwamba kila kilicho kigumu, kitahara, chenye kuondosha najisi, na kisicho na heshima, husimama mahali pa jiwe. Karatasi laini ya chooni imeingia katika hukumu hiyo.

Hapa yatupasa kuangalia mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kujisafisha kwa jiwe au kijiti si ruhusa ya kukitia katika bomba. Aliyekitumia jangwani alikiacha jangwani. Atakayekitumia mjini na akiweke ndooni. La pili, gazeti lina maandishi, na mara nyingi mna ndani yake jina la Mwenyezi Mungu au la Mtume Wake, au elimu yenye kuheshimiwa. Basi mwenye kujisafisha kwa gazeti amekusanya makosa mawili: ameivunja heshima na ameliziba bomba.

5. Maji ya kutosha bila ya israfu

Majirani wa ndugu yetu walilaumu maji. Katika hilo walikosea, kwani bomba huzibwa na uhaba wa maji kuliko wingi wake. Choo cha kuchuchumaa chahitaji lita 2 au 3 zimwagwe kwa mkupuo mmoja. Choo cha tangi huvuta lita 6 mpaka 9. Kopo moja lililomwagwa kidogo kidogo halisukumi kitu.

Lakini miji yetu ina shida ya maji. Mombasa yaletewa maji kutoka chemchemi za Mzima kwa bomba lililokamilika mwaka 1957, pamoja na ya visima vya Baricho na kwengineko, na bado mifereji hukauka siku nyingi. Je, tumwage maji safi chooni hali jirani hana ya kunywa? Fiqihi ina jawabu. Katika madhehebu ya Shafi, maji machache yaliyokwisha tumika katika udhu wa faradhi huitwa mustaamal: yenyewe ni tahara, lakini hayatahirishi tena. Hayafai kutawadhia mara ya pili, lakini hapana kinachozuia kuyamwagia choo. Basi mwenye kutawadha juu ya beseni na ayaweke maji yake katika ndoo ya chooni, na kadhalika maji ya mwisho ya kusuuzia nguo. Msikiti wenye watu wengi ukipanga jambo hili utaokoa maji mengi kila siku.

6. Jikoni nako

Makosa ya choo husaidiwa na makosa ya jikoni, kwani aghalabu maji ya pande zote mbili hukutana katika chemba moja. Mafuta ya moto yaonekana kama maji yanapomwagwa, lakini yakipoa huganda ndani ya bomba, na kila machicha ya nazi, magamba ya samaki, majani ya chai na mchanga wa kusugulia masufuria yakipita huyanata.

Msidhani hili ni la watu maskini tu. Mwaka 2017 katika mfereji mkubwa chini ya mtaa wa Whitechapel, London, walikuta donge la mafuta yaliyogandamana na vitambaa vya kufutia, urefu wake kadiri ya mita 250 na uzito wake tani 130, na kuliondosha kulichukua majuma kadhaa. Mji ule hauna uhaba wa fedha wala wa mafundi. Uliangushwa na mazoea madogo ya nyumba nyingi.

Dawa yake yajulikana: futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, mafuta yaliyokwisha kazi yatie katika kopo yagande kisha yatupwe na taka, na weka chujio juu ya tundu la maji.

7. Kikiziba kifanywe nini

Maji yakipanda, jambo la kwanza ni kuacha kumwaga mengine. Watu wengi huvuta tena na tena kwa tamaa ya kwamba yatashuka, na hivyo ndivyo najisi inavyofika sakafuni. Tumia kizibulio cha mpira chenye mpini, usukume na kuvuta mara nyingi hali mpira umezama majini. Kisipofaa, mwite fundi mwenye waya au fimbo za kuzibulia. Iwapo vyoo viwili vya nyumba moja vimeziba kwa pamoja, yamkini kizuizi kiko mbele, katika chemba au tangini.

Tahadharini na dawa kali. Asidi ya kusafishia choo ikichanganyika na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe hutoa hewa ya sumu yenye kudhuru mapafu. Na aliyekwisha kumwaga dawa yoyote amwambie fundi kabla hajatia mkono wake.

8. Haki ya jirani na haki ya fundi

Hapa ndipo jawabu ya suala la ndugu yetu. Mtume (s.a.w.) alikataza kwenda haja katika njia ya watu na katika kivuli wanachopumzikia, na akakataza kukojoa katika maji yaliyosimama. Sababu yake ni dhahiri: mtu asiwatie wenzake katika udhia kwa haja yake mwenyewe. Bomba la nyumba ya milango 8 ni njia ya watu. Anayeliziba amefanana na anayekaa haja njiani, ingawa yeye amefunga mlango na hakuna amwonaye.

Na baada ya jirani yuko mtu mwengine ambaye hatumfikiri: yule anayeitwa kuzibua. Fundi wa Kanja, yasema barua, alikataa katakata kuingia katika tangi, akawaambia watu wakae mbali na wasivute sigara. Alikuwa na haki. Ndani ya tangi na chemba za kina huzaliwa hewa iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua wa kunusa, hata mtu hudhani harufu imeondoka na hali yeye yu karibu na mauti. Humo huwamo pia methani, hewa yenye kushika moto. Imetokea mara nyingi duniani kwamba mmoja huanguka, wa pili hushuka kumwokoa, wakafa wote. Mwaka 2019 Benki ya Dunia, Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani na WaterAid walitoa ripoti pamoja juu ya afya, usalama na heshima ya wafanyakazi wa usafi, kwa kuwa khatari hizi zimeenea katika nchi nyingi. Basi nepi iliyotupwa kwa wepesi wa dakika moja yaweza kumteremsha mtoto wa mtu mahali asipotoka. Asiteremshwe mtu tangini kwa tamaa ya kupunguza gharama. Iitwe gari ya kunyonya. Na fundi alipwe haki yake, na asidharauliwe kwa kazi ya kuondosha uchafu uliotoka kwetu.

Wala asiseme msomaji wa Lamu au Malindi kwamba khabari ya Kanja haimhusu. Maji ya miteremko ya Embu na Meru huteremkia mto Tana, na Tana humwagika baharini karibu na Kipini. Uchafu unaofurika juu hufuata njia ile ile ya maji, na sisi ndio tuliokaa mwisho wa njia.

Khatima

Ndugu yetu alifanya lililompasa. Jioni ile alipita mlango kwa mlango, akaomba radhi kwa aliyowatuhumu, akalipa sehemu kubwa ya ujira wa fundi. Kisha watu wa nyumba wakakaa pamoja wakaafikiana: ndoo yenye kifuniko katika kila choo, pipa la maji karibu ya mlango, zamu ya kumwaga taka, na senti kidogo za kila mwezi kwa ajili ya kunyonya tangi. Aandika kwamba salamu zimerudi, na kwamba jirani aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyenunua ndoo ya kwanza.

Kwa darasa la juma lijalo twawapa wasomaji masuala matatu wayajibu majumbani mwao. Bomba la choo chako huishia wapi, na tangi lake lilinyonywa lini mara ya mwisho? Je, kila mtoto na mgeni wa nyumba yako amefundishwa vitu vitatu viingiavyo chooni? Na vyoo vya msikiti unaousali, vina ndoo yenye kifuniko, au kila mtu amengoja mwenziwe aiweke?

Mwenyezi Mungu atutahirishe nje na ndani, na atujaalie tusiwe udhia kwa jirani zetu. Wabillahi taufiki.